Zawadi Yenye Moto Ndani: Mzazi, Mtoto na Gari la Rimoti la Nitro



Zama hubadilika, na zawadi nazo hubadilika. Hapo kale ami akirudi kutoka Uarabuni alileta tende, udi, manukato na kitambaa cha buibui. Siku hizi huenda sandukuni mwake mkawa na gari la rimoti. Wala si lile la betri mbili linalozunguka sebuleni siku tatu kisha likanyamaza, bali gari lenye injini ya kweli, linalonguruma, linalotoa moshi na kunywa mafuta yake maalumu yaitwayo nitro. Safari ya zawadi hiyo yaweza kuwa ndefu: kutoka Dubai au Muscat hadi Mombasa, kisha kwa basi kupitia Garissa na Wajir, mpaka ikamfikia mtoto wa nduguye aliyeko Buna.

Familia nyingi za pwani zina jamaa huko juu, na jamaa hao wana watoto wanaopenda magari kama watoto wote. Basi mama anayepokea boksi hilo ana haki ya kujua limebeba nini. Je, ni mchezo? Ndiyo, na ni mchezo wenye elimu kubwa ndani yake. Je, ni wa kumwachia mtoto peke yake uwanjani? Hasha. Makala haya yanaeleza jinsi mchezo huu unavyoanzwa, hatari zake ziko wapi, na kama ardhi ya Buna inaukubali.

Mchezo wenyewe ni upi

Magari haya hutajwa kwa vipimo. Kipimo cha moja kwa kumi maana yake ni kwamba gari la mita 4 limepunguzwa hadi sentimita 40. Kipimo cha moja kwa nane ni kikubwa zaidi, yaani nusu mita hivi. Kisha hugawanywa kwa ardhi: yako yanayokimbia juu ya lami au saruji laini, na yako yanayokimbia juu ya mchanga na matuta. Ya lami ndiyo yenye kasi zaidi. Gari la kipimo cha moja kwa nane, lenye uzito wa kilo mbili na ushei, laweza kupita kilomita 100 kwa saa.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1966 kampuni ya El-Gi ya Reggio Emilia, nchini Italia, ilitoa gari la rimoti la kuuzwa madukani, lililoendeshwa kwa umeme. Injini za mafuta zilifuata, na mwaka 1977 yakafanyika Pomona, California, mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya injini ya kipimo cha moja kwa nane.

Katika mashindano, dereva husimama juu ya jukwaa ili aone njia nzima, rimoti mkononi. Chini yake, kando ya njia, husimama fundi wake. Tangi la gari la moja kwa nane hubeba mililita 125 tu, na mafuta hayo huisha kwa dakika 4 au 5. Fainali huweza kuchukua nusu saa au saa nzima, hivyo gari huingia tena na tena kunyweshwa, na fundi ana sekunde chache tu za kulinyanyua, kulijaza na kulirudisha njiani. Kwa hiyo huu ni mchezo wa watu wawili wanaoaminiana: baba na mwana, kaka na dada, mama na binti. Anayeshinda si mwenye vidole vyepesi peke yake. Aghalabu ni yule ambaye fundi wake alikaza skurubu zote jana usiku.

Injini isiyo na cheche

Injini ya nitro ni ndogo kiasi cha kufichika kiganjani. Ile ya gari la moja kwa kumi ina ujazo wa sentimita za ujazo 2 na kidogo, lakini huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Pikipiki ya bodaboda haifikii hata nusu yake.

Mafuta yake si petroli. Sehemu kubwa ni methanoli, ambayo ni aina ya spiriti. Kisha nitromethani, ambayo huleta oksijeni yake yenyewe na hivyo kuipa injini nguvu. Na mwisho oili, ambayo huchanganywa humo humo kwa sababu injini hii haina oili ya pembeni. Wala haina waya wa kupiga cheche. Ina plagi yenye uzi mwembamba wa madini ya platini, ambao hupashwa moto kwa betri ndogo wakati wa kuwasha. Injini ikishawaka, betri huondolewa, na mvuke wa methanoli unapogusa platini huendelea kuufanya uzi huo uwe mwekundu. Mtoto aliyefundishwa jambo hili kwa utulivu amesoma kemia na fizikia ya darasa zima bila kujua kwamba yuko darasani.

Injini mpya haikimbizwi. Pistoni na silinda yake hutengenezwa kwa kubanana, na matangi manne au sita ya kwanza ni ya kuizoeza. Skurubu ya kabureta hufunguliwa ili mafuta yaingie kwa wingi. Injini huachwa ingurume polepole, kisha huzimwa, na pistoni husukumwa ikae chini kabisa, kwa kuwa silinda hujibana juu inapopoa. Ikishapoa huwashwa tena. Tangi kwa tangi mafuta hupunguzwa kidogo kidogo, hadi injini ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi 100 hadi 120. Anayekosa subira hapa huiua injini kabla haijaanza kuishi. Moshi mweupe ukionekana nyuma ya gari, hiyo ni dalili njema: oili inapita. Moshi ukitoweka na sauti ikawa kali na nyembamba, injini ina kiu, na dakika chache tu zatosha kuiunguza.

Buna yasemaje?

Buna ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, kando ya barabara itokayo Wajir kwenda Moyale, si mbali na mpaka wa Ethiopia. Historia huitaja kwa sababu mwezi Julai 1940, baada ya kuiteka Moyale, majeshi ya Italia yalisonga hadi kwenye visima vya Debel na Buna. Katika nchi ile, mchungaji na askari wote hupima safari zao kwa visima. Watu wake ni wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe, na ardhi yao ni kavu, yenye joto na vumbi jingi.

Ardhi hiyo ndiyo jibu la kwanza. Gari la lami hupita juu ya ardhi kwa nafasi ya milimita chache, pungufu ya unene wa kidole. Kokoto moja hulipindua. Barabara ya kokoto haliiwezi, na barabara yoyote wanayopita watu na magari haifai kamwe kuwa uwanja wa mchezo. Kinachoweza kufaa ni sakafu pana ya saruji, kama uwanja wa mpira wa kikapu wa shule, iliyofagiwa vizuri, kwa idhini ya mwalimu mkuu na wakati wanafunzi hawapo.

Jibu la pili ni vumbi. Silinda na pistoni hukaa kwa nafasi finyu mno, na punje ya mchanga ikipita kwenye kabureta hukwaruza chuma kama msasa. Chujio la hewa la sifongo lazima lipakwe oili yake na kuoshwa kila mara. Gari halioshwi kwa maji. Husafishwa kwa brashi na kitambaa chenye spiriti, na mama wa Buna anayehesabu madumu ya maji atashukuru kwa hilo. Baada ya mchezo mafuta yote humalizwa ndani ya tangi, kisha matone machache ya oili hutiwa katika injini, kwani methanoli huvuta unyevu na kuzitia kutu beringi.

Jibu la tatu ni mkoba. Kwa hesabu ya matangi, lita moja ya mafuta hujaza tangi la mililita 125 mara nane. Kwa dakika 5 kila tangi, hiyo ni dakika 40 za mchezo. Na gari kamili la mashindano, pamoja na injini, rimoti na mataya yake ya akiba, hufikia thamani ya ngamia mzima, pengine na ndama wake juu. Ngamia hutoa maziwa, gari halitoi. Mzazi asione haya kulisema hilo mbele ya mwanawe.

Sumu iliyo katika chupa yenye rangi nzuri

Hapa twaomba akina mama watusome kwa makini. Mafuta ya nitro hutiwa rangi, aghalabu nyekundu, kijani au bluu, na chupani hufanana na sharubati. Ndani yake mna methanoli. Kiasi cha vijiko viwili vya chai chaweza kumpofusha mtu, na vijiko viwili au vitatu vya chakula vyaweza kumuua. Kwa mtoto mdogo kiasi hicho ni kidogo zaidi. Kenya inaujua msiba huu. Mwezi Novemba 2000, mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli. Waliokunywa walikuwa watu wazima. Katika nyumba yenye watoto, chupa ya sumu hiyo haifai hata kuonekana.

Mwenye kumeza huenda asionyeshe dalili kwa saa nyingi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Asingojewe alewe au atapike. Apelekwe hospitali papo hapo, na chupa ichukuliwe ili daktari aone kilichonywewa. Fikirini umbali kati ya nyumba na hospitali kubwa kabla ya kuamua kama chupa hiyo iingie nyumbani. Aliye jirani na hospitali na aliye safari ya saa kadhaa hawawezi kuamua sawa.

Methanoli hupenya pia kwenye ngozi, hivyo mwenye kujaza tangi avae glavu. Moshi wake usivutwe ndani ya chumba. Injini huwashwa nje tu. Na mwali wake hauonekani vyema kwenye mwanga wa jua: mtu aweza kuunguzwa na moto asiouona. Injini haijazwi ikiwa ya moto karibu na jiko, sigara au taa ya chemni, na kizimamoto au mchanga mkavu uwe karibu. Chupa ikae nje ya nyumba, kivulini, mbali na chakula, ndani ya sanduku lenye kufuli. Isimiminwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji.

Kadhalika haipandi ndege. Mafuta haya hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria, na ami asijaribu kuyaficha kati ya nguo. Nitromethani yenyewe huangaliwa kwa jicho kali: tangu mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zimewakataza watu wa kawaida kununua bila kibali mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 16 ya kemikali hiyo, kwa kuwa yaweza kutumiwa kwa uovu.

Jambo hilo latuleta kwenye nasaha ya kaskazini hasa. Watu wa Wajir na Mandera wameonja machungu ya mabomu ya barabarani, na askari wa vizuizi wana sababu ya kushuku kila boksi lenye rimoti, nyaya, betri na chupa ya kemikali. Usimpe kijana mzigo huo apande nao basi peke yake. Asafiri nao mtu mzima, mwenye risiti, boksi la asili likiwa wazi kukaguliwa. Na kabla gari halijawashwa mjini, chifu na kituo cha polisi waelezwe. Salamu ya mapema ni rahisi kuliko maelezo baada ya kukamatwa.

Ngazi tatu za kuanzia

Je, basi mtoto wa Buna aambiwe mchezo huu si wake? La. Aambiwe una ngazi, na ngazi hupandwa kutoka chini.

Ngazi ya kwanza hainunuliwi. Ni kigari cha waya na makopo, ambacho watoto wa Afrika wamekiunda kwa vizazi: fremu ya waya, magurudumu ya vifuniko au soli za kandambili zilizochakaa, na usukani wa fimbo ndefu unaofika kiunoni. Kigari hicho kinafundisha mambo yale yale ya gari la nitro. Magurudumu ya mbele yakikosa kunyooka, gari huvuta upande mmoja. Uzito ukikaa juu, hupinduka konani. Ekseli ikikwaruza, kasi hufa. Chora njia kwa chokaa uwanjani, weka kona tatu, pima muda kwa simu, na mashindano yameanza.

Ngazi ya pili ni gari la umeme la kuunganisha mwenyewe. Kampuni ya Tamiya ya Japani imeuza magari ya rimoti ya namna hiyo tangu mwaka 1976, na kazi ya kuyaunganisha huchukua jioni kadhaa za kusoma michoro na kukaza skurubu. Betri huchajiwa kwa umeme wa jua, ambao Buna hawaukosi. Kwa anayeanza, betri za nikeli ni salama kuliko za lithiamu, ambazo zikitobolewa au kuchajiwa vibaya hushika moto. Hakuna moshi, hakuna sumu chupani, na jirani hasumbuliwi na kelele.

Wasichana wasiachwe nje ya ngazi hii. Katika jamii za wafugaji wa kaskazini, mwanamke ndiye anayejenga nyumba ya miti na mikeka, akaibomoa, akaipakia juu ya ngamia na kuisimamisha upya mahali pengine. Mikono iliyorithi ujuzi huo haishindwi na mchoro wa gari.

Ngazi ya tatu ndiyo nitro: kwa kijana aliyekwisha kuonyesha subira katika ngazi mbili za kwanza, na daima mbele ya mtu mzima. Rimoti huwashwa kwanza, kisha gari. Wakati wa kuzima, gari huzimwa kwanza, kisha rimoti. Kila siku, kabla ya kuwasha injini, hupimwa kama gari hufunga breki lenyewe linapopoteza mawasiliano. Na kila mmoja ajue jinsi ya kuzima injini kwa dharura: kubana mpira wa mafuta, au kuziba ekzosi kwa kitambaa kinene. Watazamaji wakae nyuma ya kizuizi. Gari la kilo 2 linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina kishindo sawa na jiwe la uzito huo lililoangushwa kutoka ghorofa ya nane. Hakuna mama atakayemsimamisha mwanawe chini ya jiwe hilo.

Mashindano na adabu zake

Kushindana si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliandaa mbio za farasi mjini Madina, na farasi waliofunzwa wakapewa umbali mrefu, wasiofunzwa wakapewa mfupi. Huo ndio uadilifu wa kuweka madaraja: anayeanza ashindane na anayeanza, wala asilinganishwe na bingwa. Imepokewa pia kwamba alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Furaha ya mchezo ndani ya familia ni sunna njema.

Penye tahadhari ni pesa. Kila mshindani akitoa kiasi, kisha mshindi akabeba chungu chote, wanazuoni wengi huiona hiyo kuwa kamari. Zawadi inayotolewa na mtu wa nje asiyeshindana ina maelezo yake, na yafaa kumuuliza sheikh wa mtaa kabla ya kutangaza chochote. Lililo salama ni mashindano ya heshima: cheti kilichoandikwa kwa hati nzuri, na dua ya wazee. Ratiba ipangwe kwa sala, nayo yaafikiana na busara ya ufundi: asubuhi mapema, au baada ya Alasiri, kabla ya Magharibi. Jua la adhuhuri huko Wajir huiumiza injini na mwendeshaji kwa pamoja.

Wafugaji wa ngamia wanalo somo jingine la rimoti. Kwa miaka mingi, katika mbio za ngamia za Ghuba, waliopandishwa mgongoni walikuwa watoto wadogo waliotolewa nchi maskini, wengine kutoka Sudan, Bangladesh na Pakistan, wengi waliumia. Mwaka 2005 Qatar na Falme za Kiarabu ziliwaondoa watoto hao na kuwaweka badala yao roboti wepesi wanaoongozwa kwa rimoti. Chombo kile kile cha vidole kikawa sababu ya mtoto kushuka mgongoni mwa ngamia na kurudi kwa mamake.

Basi chombo si kibaya wala si chema chenyewe. Huangaliwa mkono uliokishika. Boksi likifika Buna, lifunguliwe mbele ya wazazi. Chupa, ikiwa imo, ifungiwe. Gari liwekwe juu ya kabati mahali ambapo mtoto analiona, na chini yake awekewe koleo, waya na makopo matatu. Siku kigari chake cha waya kitakapokwenda moja kwa moja bila kuvuta upande, mtakuwa mmejua, yeye na ninyi, kama wakati wa kulishusha umefika.